Tufe la Kwanza Brandvold

Jumanne, 5 Februari

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba mwanzilishi wa jambo ni yule aliyelianzisha. Si kweli. Mwanzilishi ni yule aliyetangulia kumfikia mwandishi wa historia. Nimefundisha mantiki katika Chuo Kikuu cha Brandvold maisha yangu yote ya kazi, na hili sikulifundisha darasani hata mara moja. Yapo mambo ambayo mtu hujiwekea kwa matumizi yake mwenyewe.

Sababu ya kusema haya ni hii. Njia za boling, mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, zilizo chini ya jengo la wanafunzi zimetengenezwa upya, na zitafunguliwa Jumapili. Mkuu wa wanafunzi, Bi. Lucinda Aamodt, ametangaza kwamba historia ya timu ya chuo itasomwa mbele ya watu wote, kisha mwanzilishi wa timu ataviringisha tufe la kwanza. Hakusema mwanzilishi ni nani. Hakuwa na haja. Ni mimi.

Tatizo ni Pfluger.

Gerhard Pfluger alikuwa mwalimu wa kemia. Tulistaafu mwaka mmoja, tunaishi mtaa mmoja, na tunatumia koleo moja la theluji, ambalo ni langu. Anadai kwamba timu aliianzisha yeye. Ukweli uko hivi. Miaka mingi iliyopita dhoruba ya theluji ilitufungia chini ya jengo lile siku mbili nzima: mimi, Pfluger, wanafunzi wachache na mkutubi mmoja aliyeshuka kutafuta kahawa. Hatukuwa na la kufanya ila kucheza. Humo ndani mtu alisema, "Kwa nini tusiunde timu?" Mtu huyo nilikuwa mimi. Pfluger anasema alikuwa yeye. Wakati huo Pfluger alikuwa amejitanda kitambaa cha meza, analalamikia baridi. Timu haianzishwi na mtu wa namna hiyo.

Yule mkutubi ni Ardis. Nilimwoa mwaka uliofuata. Sijamwomba ushahidi, maana mke si shahidi huru. Pia nina wasiwasi na atakachosema.

Historia inaandikwa na nahodha wa sasa, Marisol Quintanilla, binti wa mwaka wa nne, anayecheza kwa mkono wa kushoto na asiyepoteza maneno. Nimeamua kumpunguzia mzigo. Asubuhi nimempelekea historia iliyokwisha kuandikwa. Kurasa arobaini. Kazi nzuri. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimejifunza kitu.

Mchana amenirudia. Amesema ameifurahia, ila angependa kujua kwa nini timu inaanza ukurasa wa thelathini na moja. Nimemweleza kwa upole kwamba huwezi kueleza tawi kabla ya shina, na kwamba ni lazima tuanze na Wajerumani wa kale na vigingi walivyoviangusha kwa mawe. Nimemsihi azingatie hasa sura ya Kanuni ya Kimya.

Niieleze na hapa, maana shajara nayo ina haki ya kuelewa. Mchezaji akiangusha pini zote kumi kwa tufe moja, akarudia, akarudia tena, ana mfululizo. Mwenye mfululizo hasemeshwi. Hatazamwi. Watu huondoka kwenye benchi lake mmoja mmoja, kama waliokumbuka kitu garini. Neno moja tu laweza kuukata mfululizo, hata likiwa la sifa. Wachezaji wa kila mahali wanaifuata desturi hii, lakini Brandvold ilifanywa sheria, na aliyeifanya sheria ni mimi: atakayemsemesha mwenye mfululizo atafua soksi za timu nzima hadi msimu uishe. Je, mtu atatunga sheria za timu ambayo si yake? Mantiki tupu.

Marisol amesema atalifikiria. Kisha akasema Profesa Pfluger naye amempelekea historia. Kurasa hamsini.

Nimemsimulia Ardis. Hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, mzee," amesema. "Ila nyinyi wawili mtaichana."

Alhamisi, 7 Februari

Nimeachana na maandishi. Maandishi yana ubishi. Sasa natafuta mashahidi.

Kesho ni Ijumaa, na Ijumaa mji mzima unakula samaki wa kukaanga kwenye mgahawa wa kando ya ziwa. Nimeagiza meza kubwa karibu na dirisha. Nimewaalika wachezaji wa kwanza, wale waliofungiwa na dhoruba pamoja nasi, wote waliobaki karibu. Kumbukumbu ya mtu aliyeshiba ni bora kuliko ya mwenye njaa. Huu si ujanja, ni elimu ya mwili.

Nimempigia kwanza Lyle Hruska. Alikuwa kijana mwembamba wa njia ya tatu, leo ni daktari wa meno na si mwembamba. Nimemuuliza, bila kumwelekeza, kama anakumbuka ni mimi niliyependekeza timu. Amesema anachokumbuka ni baridi, na kwamba kuna mtu alikula biskuti zote peke yake. Nimehamisha mazungumzo.

Ijumaa, 8 Februari

Pfluger alikuwa ameagiza meza ya pili. Karibu na dirisha hilo hilo. Kwa wageni wale wale.

Mashahidi hawakuona tatizo. Walikula samaki na chapati za viazi kwangu, kisha wakasogeza viti wakanywa brandi yenye cheri kwake, kisha wakarudi kwangu kwa sababu kabichi ilikuwa imebaki. Kila nilipoanza kusimulia dhoruba, Pfluger alianza kuisimulia mezani kwake kwa sauti ya juu zaidi. Dhoruba yake ilikuwa na theluji nyingi kuliko yangu. Nikaiongeza yangu. Tulipofika theluji ya kufunika mnara wa kanisa, Hruska aligonga glasi kwa uma akasimama.

"Wazee wetu," alisema, "tunawaheshimu, lakini mnatuchosha. Nyinyi ni watu wa boling au watu wa hotuba? Kachezeni. Mchezo mmoja. Atakayeshinda aviringishe hilo tufe Jumapili, na sisi tule kwa amani."

Ukumbi mzima ulipiga meza. Bi. Aamodt, aliyekuwa pembeni na familia yake, alisema kwake ni sawa kabisa, na nilihisi kwamba alikuwa na shukrani. Tutacheza kesho mchana, ukumbi wa boling wa mjini, ambako timu imekuwa ikifanya mazoezi wakati wa matengenezo.

Pfluger aliinama kuelekea meza yangu. "Thorvald, ndugu yangu, njoo na ile fimbo yako ya kutembelea. Ukikosa pini, utazisukuma nayo."

Nilimwambia aje na kitambaa chake cha meza.

Watu walicheka zaidi kwa langu kuliko kwa lake. Ardis anasema si kweli. Ardis alikuwa anakula.

Jumamosi, 9 Februari, asubuhi

Watu wanadhani njia ya boling ni mbao tu. Nimelieleza hili kwa vizazi vya wanafunzi. Njia hupakwa mafuta membamba usiyoyaona kwa macho. Penye mafuta mengi tufe huteleza moja kwa moja bila kusikiliza mtu. Pakavu hushika na kupinda. Basi mafuta ndiyo mchezo, na mbao ni mahali pa kuyaweka.

Pfluger hupindisha tufe. Ndiyo sifa yake yote. Na Pfluger hutumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo, mafuta yakizidi upande wa kushoto, Pfluger hana tena sifa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelifikia hitimisho hilo.

Mashine ya mafuta pale mjini huendeshwa na Marisol, ndiyo kazi yake ya mwisho wa juma. Nimemwendea mapema na keki ya tufaha ya Ardis. Sikumwomba chochote. Nilizungumza kinadharia. Tuseme, kwa mfano, kuna njia. Tuseme upande mmoja, wowote ule, mathalani kushoto.

Alitafuna hadi nikamaliza. Kisha akauliza, "Profesa, mimi natumia mkono gani?"

Nilisema kushoto.

"Na unadhani sisi wa kushoto hatujawahi kuletewa huo mfano?"

Nilimkatia kipande kingine cha keki. Akaniambia kwamba Profesa Pfluger ametoka pale muda mfupi uliopita. Alileta soseji. Naye alikuwa na mfano, wa upande wa kulia.

Nilimweleza kwamba hiyo ni aibu kubwa.

"Msiwe na wasiwasi," alisema, akifuta vidole. "Nimewasikia wote wawili. Nitamwaga pande zote. Haki sawa, wazee wangu. Na sitamwambia mtu, maana nikisema wataniuliza kuhusu keki."

Binti mwema. Lakini wa kushoto.

Jumamosi, jioni

Naandika nikiwa nimeloweka magoti kwenye maji ya moto. Nitayapanga yote kwa utaratibu.

Tulianza vizuri. Watu walijaa. Hruska aliniahidi makofi. Ardis alikaa nyuma yangu na ufumaji wake. Bi. Aamodt alikuwa na kikombe cha chokoleti ya moto. Pfluger alianza. Alirusha lile tufe lake la kupinda, nalo likateleza kwenye mafuta ya Marisol moja kwa moja hadi pembeni, likagusa pini moja kwa adabu. Alimtazama Marisol. Marisol alitazama soksi zake.

Sasa, mimi sipindishi tufe. Niliacha nilipopasuliwa goti. Tufe langu huenda pole pole na limenyooka, kama ng'ombe anayejua njia ya kurudi zizini. Kwenye mafuta yale lilikuwa nyumbani. Pini zote kumi. Watu walishangilia. Zamu ya pili, zote kumi. Walishangilia tena, Hruska akapiga mluzi. Zamu ya tatu, zote kumi. Nikageuka kupokea makofi.

Hakuna.

Nilidhani hawakuona. Zamu ya nne nikaangusha zote tena, nikageuka taratibu ili wapate nafasi. Hruska alikuwa anachunguza dari. Mtu aliyekaa karibu na begi langu alihama. Zamu ya tano, benchi langu likabaki tupu. Ardis, mke wangu niliyemwoa kanisani, alikusanya nyuzi zake akaenda kukaa njia mbili kando, akanipa mgongo.

Nilikumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikatafakari kimantiki. Watu walikuwa wakinishangilia. Wameacha. Kitu kimetokea katikati. Nini? Nikamwona Marisol amesimama karibu na Hruska. Nikajua. Amewaambia habari za mafuta.

Bila shaka hili lilinitia uchungu, lakini mkono haukujali. Zamu ya sita, zote. Ya saba, zote. Kadiri nilivyozidi kuangusha ndivyo walivyozidi kunichukia. Bi. Aamodt alifungua mdomo kuniambia kitu, na Hruska akamvuta skafu akampeleka kwenye meza ya vyakula. Kisha nikaona jambo baya kuliko yote. Pfluger aliweka tufe lake kwenye begi. Akavaa koti. Akamwendea Bi. Aamodt, wakapeana mikono, wote wawili wakitabasamu, huku wakinitazama na kuepusha macho haraka.

Mambo yalikuwa wazi. Wameniondoa. Wamempa Pfluger.

Mtu wa elimu huanguka kwa heshima yake. Niliweka tufe chini, nikageuka, nikazungumza. Nilisema suala la mafuta linapaswa kueleweka katika muktadha wake. Nilisema nilikwenda kwa Marisol kinadharia tu, na keki ilikuwa keki. Nilisema kwamba kama Brandvold imefika mahali pa kumhukumu mzee wake kwa kumpa mgongo, basi silitaki hilo tufe la kwanza. Simtakii Pfluger pia. Na apewe kijana yeyote anayecheza leo, maana timu ni ya wanaoicheza, si ya wanaoisimulia. Sentensi hiyo ya mwisho ilinijia yenyewe. Nilijisikia mkubwa.

Watu walitazama viatu. Mmoja alijiziba mdomo kwa kofia.

Nikachukua tufe langu, nikaliviringisha kwa hasira, nalo likaingia mferejini kando ya njia bila kugusa pini hata moja.

Hapo wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Nilihitaji muda kuyachambua. Hruska alisema, "Ulikuwa na mfululizo, Profesa! Saba! Nani angekusemesha?" Mwingine akasema hajapata kuona mfululizo kama ule tangu ahamie mjini. Pfluger alisema alishaona kwamba hawezi kunifikia, hivyo alikwenda kwa Bi. Aamodt kukubali kushindwa, na kumwambia tufe la kwanza ni langu. Alikuwa amevaa koti kwa sababu alisikia baridi. Walikuwa wakisubiri nikosee mara moja tu ili wanipe mkono. Na habari za mafuta hakuna aliyezijua hadi nilipozitangaza.

"Mafuta gani?" aliuliza Hruska. Pfluger akasema lazima awahi nyumbani.

Mtu atauliza ilikuwaje mimi, mwenye kuitunga Kanuni ya Kimya, nisiitambue. Swali zuri. Jibu ni kwamba nimewanyamazia wengine miaka mingi, na kwa ustadi. Sijawahi kunyamaziwa. Mfululizo wangu mrefu kuliko yote kabla ya leo ulikuwa wa mbili.

Bi. Aamodt alikuja na macho yenye machozi. Alisema hajawahi kusikia maneno mazuri kama yale, kwamba timu ni ya wanaoicheza. Alisema ataheshimu ombi langu. Tufe la kwanza ataliviringisha Marisol.

Nilijaribu kumweleza kwamba lile halikuwa ombi, bali hitimisho lililotokana na msingi wa uongo. Alinikumbatia.

Njiani nilimuuliza Ardis kwa nini hakuninong'oneza hata neno. Alisema, "Nifue soksi za vijana kumi kwa ajili yako? Kanuni ni yako, mzee. Mimi niliitii."

Jumapili, 10 Februari

Ufunguzi umefanyika. Marisol ameviringisha tufe la kwanza kwa mkono wa kushoto, likapinda vizuri sana, likaangusha pini tisa. Ile ya kumi ilitikisika ikabaki. Nimefarijika kidogo, nikaona haya, kisha nikafarijika tena.

Mimi na Pfluger tulikaa pamoja mstari wa mbele. Hakuna aliyekumbuka kututenganisha mapema. Alininong'oneza kwamba soseji zake zilikuwa za bei ya juu kuliko keki yangu na zimekwenda bure vilevile. Nilimwambia haya ndiyo malipo ya hila. Alikubali. Alidhani nazungumzia zangu.

Kisha Marisol akasoma historia ya timu. Ukurasa mmoja. Wajerumani wa kale hawamo. Alisema amesoma historia mbili ndefu, akawauliza wachezaji wa kwanza, na mwishowe akamwendea mtu pekee aliyekuwa macho wakati wote wa dhoruba, naye ni Bi. Ardis Ekdahl, mkutubi mstaafu.

Nilimtazama Ardis. Alikuwa anahesabu mishono.

Ardis amesema kwamba hakuna aliyependekeza timu. Maprofesa wawili walibishana tangu theluji ilipoanza: nani achemshe kahawa, nani amekula biskuti, nani anashika tufe vibaya. Wanafunzi walichoka. Walihamia njia ya mwisho kabisa, mbali na kelele, wakaanza kucheza huko peke yao. Profesa mmoja alipowafuata kuwaelekeza, walimwambia haiwezekani, hii ni timu, ina watu wake. Neno hilo likabaki. "Kwa hiyo," Marisol alimalizia, "timu ya Brandvold ilianzishwa na Profesa Ekdahl na Profesa Pfluger. Bila wao, hakuna ambaye angekuwa na sababu ya kuhamia njia ya mwisho."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Pfluger alicheka. Nami nilicheka, baada ya kuhakikisha kwamba wote wanacheka.

Nyumbani nilimuuliza Ardis ilikuwaje yeye akabaki njia ya kwanza, na zile kelele, wakati wote walihama. Alisema kahawa ilikuwa huko. Akafuma mstari mzima. Kisha akasema, "Na mmoja wenu alikuwa anachekesha." Sikumuuliza ni yupi. Kuna ushahidi ambao mtu mwenye busara hauchokonoi.

Jumatatu, 11 Februari

Nimelala vizuri na nimeyapima mambo kwa utulivu. Watu wa kawaida wangesema nimeshindwa. Watazame tena. Historia rasmi imesomwa hadharani, na katika historia hiyo mwanzilishi wa kwanza kutajwa ni Ekdahl. Pfluger ni wa pili. Marisol anasema amefuata mpangilio wa herufi tu. Kila aliyepata kuwa wa kwanza ana mtu wa kumtafutia sababu ndogo ya kumshusha.

Yapo na mengine. Asubuhi hii nilikuwa nazoa theluji mlangoni, na Pfluger amekuja kuazima koleo. Amenieleza kwa furaha kwamba Bi. Aamodt alivutiwa mno na tukio la Jumamosi. Sasa anataka Kanuni ya Kimya iandikwe ukutani, juu kabisa ya njia mpya, kwa herufi za shaba, pamoja na jina la mtu aliyeitunga.

Nilisema hilo ni jambo jema, na kwamba najua jinsi jina langu linavyoandikwa.

Pfluger aliegemea koleo langu. "Jina lako, Thorvald? Kanuni ile niliitunga mimi. Wewe ulikuwa unakula biskuti."

Jana mtu huyu alikaa nami kama ndugu. Nimemtazama akiondoka na koleo, nikayaona makosa yangu yote ya juma lililopita kwa uwazi kabisa. Kosa halikuwa kupanga. Kosa lilikuwa kuchelewa: Pfluger alifika kwa Marisol na soseji kabla ya mimi kufika na keki. Mtu mzima hujifunza.

Nimemwambia Ardis aoke keki mbili. Amesema ataoka moja, na ataila yeye.

Pfluger bado anazoa theluji kwake, na njia ya gari lake ni ndefu. Leo, kabla hajamaliza: kumpigia simu Hruska, awe shahidi wangu wa Kanuni.